Nondo Alipopewa Likizo

Siku sheria mpya ya likizo ilipotangazwa kiwandani, mtu aliyeitangaza alipigwa ngumi ya mdomo, jino likang'oka. Aliyempiga alikuwa mfanyakazi mwenzake, na likizo yenyewe ilikuwa yake huyo aliyepiga.

Kilikuwa kiwanda cha nondo. Vyuma chakavu viliingia upande mmoja, vikayeyushwa tanurini, vikatokea upande wa pili vikiwa fimbo ndefu za kujengea. Katikati palikuwa na kazi ambayo wengi waliijaribu wiki moja wakaikimbia. Chuma kikiwa bado chekundu kilichomoka kwenye rola kwa kasi ya nyoka aliyekanyagwa, na mtu mwenye koleo alitakiwa akidake kichwa, akigeuze, akiingize kwenye rola inayofuata kabla hakijampita. Ukichelewa, kinakuzunguka miguu. Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, ndiye huyo aliyepigwa, alikuwa na kovu kuanzia gotini hadi kifundoni kwa kuchelewa mara moja tu. Aliyempiga hakuwahi kuchelewa. Walimwita Nondo, na jina lilikuwa limemkaa hata mkewe akalizoea.

Miaka yote Nondo aliuza likizo zake. Wenzake wakienda makwao kupumzika, yeye alitia sahihi, akapokea malipo, akabaki na koleo lake. Sheria mpya ikasema basi. Likizo ya malipo haiuzwi tena. Mfanyakazi ataondoka atake asitake, atalipwa akiwa kwake, na kiwanda kitakachokutwa na mtu wa likizo ndani ya lango kitatozwa faini. Mwenyekiti alipanda juu ya rundo la vyuma akawaeleza wenzake hayo yote, watu wakashangilia, makoleo yakagongwa kwenye mabati ya ukuta. Kisha akasema, huku akicheka:

"Na wa kwanza kupumzika ni huyu mzee wetu wa chuma! Tangu aoe hajawahi kujua jua la saa nne la Jumatatu linaingilia dirisha gani kwake!"

Ngumi ikatua kabla kicheko hakijaisha.

Walimrukia kundi zima ndipo wakamlaza chini. Mwenyekiti alitema damu, akaliokota jino lake kwenye vumbi la chuma, akalifuta kwenye suruali. Meneja akataka Nondo afukuzwe palepale. Mwenyekiti ndiye aliyekataa, maneno yakimtoka pamoja na damu.

"Mtu aliyechoka hapigi kwa akili zake. Mpeni likizo. Ndiyo dawa."

Alisema kweli kuhusu uchovu. Hakujua tu dawa hiyo ataimeza nani.

Mke wa Nondo alikuwa fundi cherehani. Wateja walimwita Fundi, na mama mkwe wake, ambaye nyumba ilikuwa yake tangu mumewe alipofariki, alimwita mwanangu. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa kazini kwake: cherehani ya kukanyaga, meza ndefu ya kukatia, kioo kilichopasuka kona, na pazia ambalo nyuma yake wanawake walivua na kujaribu. Watu walipenda kuja pale hata wasipokuwa na nguo ya kushonwa. Fundi alikuwa na maneno. Mteja akilalamika kwamba gauni limembana, yeye humwambia, "Gauni halijasogea, dada, wewe ndiye uliyelifuata."

Jumatatu hadi Jumamosi nyumba ilikuwa ya wanawake wawili. Nondo alirudi jioni amekwisha, akala, akaanguka kitandani kama gogo. Ila Jumapili kiwanda kilifungwa. Ile nguvu aliyozoea kuimalizia kwenye chuma ilikosa pa kwenda, na kufikia saa za mchana ilikuwa imepapata.

Mama mkwe, akisikia vishindo, aliongeza sauti ya redio. Vikinyamaza aliipunguza, akaja na maji ya moto na kitambaa, akamkanda mkwewe bega au shavu.

"Vumilia, mwanangu," alikuwa akisema. "Kazi ile inamla. Baba yake alikuwa hivi hivi, na mimi ndiye niliyemzika."

Mtoto wao, mvulana, walimpeleka shule ya bweni angali mdogo sana. Majirani walisema, hawa wanapenda elimu.

Kwa hiyo Nondo aliporudi siku hiyo mchana kweupe, na kifundo cha mkono kimevimba, akasema, "Nimepewa likizo. Mwezi mzima," Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Mguu ulibaki juu ya kanyagio. Jumapili moja ilikuwa ikimtosha. Sasa zingekuja zimefungana kama ndizi kwenye chane.

Siku za mwanzo zilimshangaza. Nondo alipanda juu ya bati akaziba pale palipokuwa pakivuja tangu mvua za zamani. Alirekebisha bawaba, akauranda mlango wa mbele uliokuwa ukikwama, ukafunguka kwa kidole. Alichimba mtaro wa maji machafu. Alipasua kuni za kutosha kuwapikia majirani wote. Aliamka kabla ya mapambazuko, saa za zamu yake, akasimama uani akifumba na kufumbua viganja, akisubiri king'ora ambacho hakikumhusu. Fundi alimwona kupitia dirishani akamhurumia, na huruma ile ikamwudhi mwenyewe.

Alirekebisha pia redio ya mama yake. Redio haikuwa na tatizo lolote kubwa ila mkwaruzo kidogo. Alipomaliza kuifungua na kuifunga, ilikuwa imekufa kabisa.

Vitu vya kurekebisha vilipokwisha, akaanza kurekebisha watu.

Kwanza alivuta kiti akaketi chumba cha mbele, mgongo ukutani, mikono magotini, akitazama. Mteja akiingia hamwamkii. Mteja akienda nyuma ya pazia, Nondo hatoki. Wanawake wakaanza kusema watarudi kesho. Siku moja alikuja mama mmoja muuza mkaa, mnene, mcheshi, akapimwa kiuno.

"Tepu yako hii imekwisha, Fundi," akasema. "Niazime kamba ya ng'ombe."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha kushika mbavu.

"Mnacheka nini?" Nondo akauliza.

"Tunacheka kiuno changu, shemeji," muuza mkaa akajibu. "Si changu mwenyewe?"

 Nondo alingoja mpaka yule mama ametoka na amepita kona. Kisha akafunga mlango, akamshika mkewe nywele kwa nyuma, akamgongesha kichwa kwenye mbao. Mara ya kwanza, ya pili, halafu Fundi akaacha kuhesabu. Mlango aliouranda vizuri hata haukumkwaruza, ulimpasua tu juu ya jicho. Alipoanguka akampiga teke la ubavu, bila kelele, bila matusi, kama mtu anayesukuma chuma kilichokataa kuingia kwenye rola.

"Nyumbani kwangu," akasema, akihema. "Nyumbani kwangu mimi ndiye ninayechekwa."

Chumba cha pili mama mkwe alikuwa amekaa kitandani. Mkono wake ulikuwa umekwenda kwenye redio, ukazungusha kitufe, ukazungusha tena. Kimya. Akasikia kila kitu. Kwa mara ya kwanza tangu mkwe yule aingie katika nyumba ile, alisikia mwanzo, kati na mwisho, na sauti ndogo aliyokuwa akiitoa Fundi, ambayo haikuwa kilio bali kama mtu anayebeba mzigo mzito ngazini.

Alikuja na maji ya moto. Safari hii alimkanda bila kusema kitu.

Ikawa hivyo. Alipigwa kwa sababu ya chumvi. Alipigwa kwa sababu cherehani inapiga kelele, na kesho yake kwa sababu imenyamaza. Alichapwa mkanda mgongoni akiwa ameinamia beseni, maji yakageuka rangi. Usiku Nondo alilala fofofo, na mchana alikwenda kusimama nje ya uzio wa kiwanda akitazama moshi, walinzi wakimcheka: mtu analipwa alale, anakuja kunusa kazi. Akirudi kutoka huko alikuwa mbaya zaidi.

Kilichomsukuma Fundi si maumivu. Shule zilikuwa karibu kufungwa. Mtoto alikuwa anarudi, na alikuwa amefika umri ule ambao mvulana hawezi tena kujificha chini ya kitanda. Ataingia kati. Na yule baba atampiga kama anavyopiga mwanamume mwenzake.

Asubuhi moja Nondo alipokuwa amelala, Fundi alijifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, akaenda kiwandani. Mlinzi akampeleka kwa afisa utumishi, kijana mwenye tai na feni iliyomgeukia yeye peke yake.

"Nimekuja kuomba mumchukue mume wangu," Fundi akasema. "Arudi kazini."

Afisa alidhani amesikia vibaya. "Anaumwa?"

"Haumwi. Ana nguvu zake zote. Ndiyo shida."

"Mama, mume wako yuko likizo. Likizo ya malipo. Watu wameandamana kwa ajili ya kitu hiki!"

"Basi mpunguzieni. Apumzike nusu, nusu nyingine mwakani."

"Kugawanya inawezekana," afisa akasema, akafurahi kuwa na la kujibu. "Sheria inaruhusu. Lakini mwombaji ni mfanyakazi mwenyewe. Mke haombi. Na akiingia hapa kabla muda haujaisha, sisi ndio tunaopigwa faini."

"Kwa hiyo nyinyi mkipigwa kuna sheria," Fundi akasema, akainuka.

Mwenyekiti alimkuta langoni. Alikuwa ametoka tanurini, jasho likimtiririka, na alipotabasamu pengo lilionekana.

"Shemeji! Vipi, mzee anaendeleaje na mapumziko?"

Fundi akasukuma kitambaa nyuma. Hakumwonyesha zaidi ya uso. Tabasamu la mwenyekiti likaondoka polepole, akabaki ameshika glavu zake.

"Nenda polisi," akasema kwa sauti ya chini.

"Nilishakwenda mwaka juzi. Waliniambia ni mambo ya ndani, tukayamalize ndani."

"Shemeji, sheria hii tumeipigania mpaka tumezeeka. Aliyeshika koleo kabla yangu alisinzia amesimama. Tulimtoa kwenye rola vipande. Alikuwa hajapumzika tangu…"

"Sisemi ni mbaya," Fundi akamkatiza. "Pumzikeni. Haki yenu. Ila mmefungulia kitu mlango, na mimi ndiye niliyesimama upande wa pili. Mimi nani atanipa likizo? Nina mwajiri gani wa kumlilia?"

 Mwenyekiti akasema atafikiria. Fundi akamwambia afikirie haraka.

Lakini mlinzi wa lango alikuwa na mdomo mwepesi kuliko miguu. Nondo alipokuja siku hiyo kusimama kwenye uzio, mlinzi akampigia kelele kutoka kibandani:

"We Nondo! Mke wako kakuchoka! Kaja kuomba ukatwe likizo, kafunua na kitambaa hapa langoni!"

Walinzi wengine wakacheka. Nondo akawatazama, akageuka, akaanza kutembea kuelekea nyumbani. Waliomwona njiani walisema hakuwa na haraka.

Fundi alikuwa ameinamia meza anakata kitambaa cha gauni la harusi, kizito, cha kuteleza, kwa mkasi mkubwa. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu naye, akimshikia ncha kisitiririke. Mlango ukafunguka kwa kidole.

"Ulikwenda kwa wanaume wangu," Nondo akasema.

Fundi hakukana. "Nilikwenda."

"Ukafunua kichwa."

"Nilimwonyesha kazi yako. Si unaipenda kazi?"

Nondo akainyanyua cherehani. Ilikuwa ya chuma kitupu na meza yake chini, kitu ambacho kwa kawaida hubebwa na watu wawili. Aliinyanyua mpaka kifuani, akatoka nayo mlangoni, akaitupa barabarani. Gurudumu likang'oka likaenda zake likibingirika mpaka kwenye mtaro aliouchimba mwenyewe. Akarudi ndani akavuta pazia likaanguka na fimbo yake, na fimbo ile akaishika. Ya kwanza ilimpata Fundi shingoni. Ya pili aliikinga kwa mkono, na kitu katika mkono kikalia. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kioo, kioo kikamalizika kupasuka.

Hapo mama mkwe akasimama katikati yao.

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na goti moja bovu. Alinyoosha viganja vyote viwili kama mtu anayezuia mbuzi.

"Baba, basi," akasema. "Basi sasa. Nimesikia vya kutosha."

"Toka, mama."

"Sitoki."

"Mama, toka!"

"Nilimwacha baba yako akanipiga mbele yako. Ndiyo maana…"

Nondo akampiga mama yake. Si kwa fimbo, kwa nyuma ya mkono, kama mtu anayefukuza nzi, lakini mkono ule ulizoea chuma. Mama mkwe alipaa. Akagonga ukingo wa benchi, akaanguka chini na nguo zimempanda magotini, damu ikimtoka puani.

Hata Nondo mwenyewe aliganda. Aliitupa fimbo. Akaegemea meza ya kukatia, kiganja cha kulia kikiwa wazi juu ya kile kitambaa cheupe, akainama kumtazama mama yake. Labda alitaka kumwinua. Labda alitaka kummaliza. Fundi hakungoja kujua. Mkasi ulikuwa bado mkononi mwake. Aliuinua kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule uliolia, akaushusha kwa uzito wake wote, ukapita kiganja cha mumewe katikati, ukapita kitambaa, ukakwama kwenye mbao.

Sauti aliyoitoa Nondo ilisikika mpaka sokoni. Alivuta mkono, na meza nzima ikamfuata. Gauni la harusi likaanza kuwa jekundu, likianzia katikati kwenda pembeni, taratibu.

"Ukinigusa tena," Fundi akasema, na meno yake yalikuwa yakigongana, "nitakata mpaka pale nitakapofika."

Majirani ndio waliouchomoa mkasi. Muuza mkaa alimfunga Nondo kwa kipande cha kitambaa kilekile, akimwambia, "Tulia, shemeji, usitikisike, si wewe mwanamume?" Akapelekwa zahanati. Muuguzi alipouliza kilichotokea, Nondo akajibu, macho yakiwa ukutani, kwamba amejikata na bati akiziba paa. Muuguzi akasema bati hilo lina makali kuwili.  Kwa Nondo, afadhali aonekane mzembe kuliko mji mzima ujue kwamba kachomwa na mke. Aibu yake ndiyo iliyomwokoa Fundi na polisi.

Kwa jinsi jeraha lilivyokuwa, wakamlaza. Na siku ya pili yake mwenyekiti akaja nyumbani, amevaa shati safi. Aliwakuta wanawake wawili wameketi chumba cha mbele katikati ya vigae vya kioo, mmoja mkono umefungwa kwa ubao, mwingine pua imejaa uso mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, ukipata pa kukaa."

Akaketi ukingoni mwa benchi. Alikuwa amejiandaa, ilionekana. Alikuwa na habari njema na hakujua aibebe vipi.

"Nimefuatilia suala lake ofisini," akasema. "Msiwe na wasiwasi wa malipo. Sheria mpya iko wazi. Mtu akiumia akiwa likizo, zile siku za kuumwa hazihesabiwi kwenye likizo ya mwaka. Zinalipwa peke yake kama likizo ya ugonjwa. Akipona, ile likizo yake inaendelea pale ilipoishia. Hapotezi hata siku moja."

Fundi akamtazama. "Yaani atakaa nyumbani zaidi."

"Kwa mkono ule… miezi. Ndiyo. Analipwa yote."

 Mama mkwe akaanza kucheka. Kicheko kilimuumiza pua, akaishika, akaendelea kucheka, machozi yakamtoka, mwenyekiti naye akatabasamu kwa adabu asijue anatabasamia nini.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia Fundi, "umemchoma mkono, sheria ikamwongezea."

Fundi naye akaguna kwa namna iliyokaribia kicheko, akajishika ubavu.

Halafu mama mkwe akaacha kucheka. Akainuka kwa shida, akaingia chumba cha wanandoa, na wakasikia makabati yakifunguliwa. Alirudi akiburuta begi la mwanawe. Akarudi tena akaja na buti zake za kiwandani, na blanketi. Akavirundika miguuni pa mwenyekiti.

"Nyumba hii ni yangu," akasema. "Yeye ni mwanangu, sikatai, titi langu hili kanyonya. Lakini hapa harudi. Wewe ndiye uliyeipigania likizo hii. Haya, ichukue ukakae nayo."

"Mama, mimi…"

"Si unaishi peke yako?"

"Naishi peke yangu, lakini…"

"Basi mna nafasi."

Mwenyekiti akalitazama begi. Ulimi wake ukaenda kwenye pengo, kama ulivyozoea siku hizo. Mwishowe akainama, akajitwika.

Nondo hakuondoka kirahisi. Siku aliyotolewa zahanati alikuja moja kwa moja, mkono umefungwa umekuwa mkubwa kama fundo la nguo, akakuta komeo jipya. Alisukuma kwa bega. Akapiga mateke mpaka ubao wa chini ukapasuka na kiatu kikatokea ndani. Fundi alikuwa amesimama mbele ya kiatu kile na jembe. Mama mkwe alikuwa dirishani.

"Mama! Nifungulie! Mama, unanifukuza kwa ajili ya mwanamke?"

"Nakufukuza kwa ajili ya pua yangu," mama mkwe akajibu. "Ondoka kabla sijasema kwa sauti kilichokutoboa mkono."

Barabarani watu walikuwa wameshasimama. Muuza mkaa alikuwa mbele yao, sepetu begani. Nondo akawageukia, akainua mkono wa kushoto, na hakuna aliyerudi nyuma. Mwenyekiti ndiye aliyekuja kumshika kiwiko. Nondo akamtupia ngumi ya kushoto, mbovu. Mwenyekiti akaikwepa, akamkita ya tumbo, moja, ya mtu ambaye naye alishika koleo ujana wake wote. Nondo akapiga magoti katikati ya barabara. Alikaa pale muda mrefu. Alipoinuka alimfuata mwenyekiti bila kuangalia nyuma.

Wakaishi hivyo, wanaume wawili katika chumba kimoja karibu na kiwanda, vitanda vinatazamana. Watu walisikia walipigana tena mara kadhaa, sufuria zikiruka mpaka nje. Lakini huko Nondo alikutana na mkono unaorudisha, na miezi ilivyokwenda sufuria zikatulia.

Mtoto alirudi shule zilipofungwa. Alisimama nje kidogo kabla hajaingia, kichwa kimeinama upande, akisikiliza. Bibi yake akamwambia kutoka ndani, "Ingia, hayupo." Akaingia, akaweka sanduku, akamtazama mama yake kovu la jichoni na mkono uliokuwa ukiunga vibaya. Fundi akamweleza kila kitu, hata la mkasi, kwa sababu alikuwa mkubwa wa kutosha na kwa sababu mtaani angelisikia likiwa limeongezwa chumvi.  Kesho yake mvulana alikwenda kulitafuta gurudumu la cherehani mtaroni, akalisugua kutu kwa mchanga siku nzima, jioni akalifunga tena kwenye cherehani.

Nondo alirudi kazini likizo zake zote zilipokwisha. Vidole viwili havikufumba tena. Mtu asiyefumba mkono hashiki koleo, kwa hiyo wakampa ufagio, akawa anafagia magamba ya chuma chini ya rola, huku kijana mwingine akidaka mahali alipokuwa akidaka yeye.

Alimtuma mwenyekiti kwa mama yake, kwamba anaomba kuonana naye. Mama mkwe alivaa nguo zake za kutokea, akakataa kusindikizwa, akachechemea mpaka langoni wakati wa kubadilishana zamu. Alirudi jua likiwa bado juu.

Fundi alikuwa anashona. "Alisema nini?"

"Aliomba msamaha. Kwangu, na kwako. Alilia mbele za watu."

"Nawe?"

"Nikampangusa. Ni mwanangu." Mama mkwe akaketi kwenye benchi, akavua kiatu kimoja. "Halafu akaniuliza, mwakani likizo ikifika aende wapi. Anasema kwa mwenyekiti si kwao, na ile sheria haimruhusu hata kulala kibandani kwa mlinzi. Nikamwambia sijui. Nikamwambia kwangu si pa kupumzikia."

Akajaribu kuvua kiatu cha pili, mikono ikakataa. Akaingia chumbani kwake na kiatu kimoja mguuni, akalala akiutazama ukuta. Fundi akasikia godoro likitikisika. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi, akaenda akamvua kile kiatu, akakaa naye pale kitandani mpaka yule mama alipomaliza kulia.